Kasumba, Hospisi na Kitanda cha Mgonjwa: Historia Fupi ya Huduma kwa Wagonjwa wa Saratani katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Historia ya tiba katika nchi zetu imeandikwa zaidi na wale walioponya kuliko na wale waliokaa na wasiopona. Tunazo habari za madaktari waliopambana na malale, ndui na ukoma. Tunazo picha za majengo ya kwanza ya misheni na majina ya wauguzi waliokuja kwa meli. Lakini mgonjwa ambaye dawa ilimshinda, akarudishwa nyumbani kwa maneno "mpelekeni akapumzike", huyo hana sura yake katika vitabu hivyo. Alirudishwa kwa mkokoteni, kwa basi au mabegani mwa ndugu zake, na kutoka hapo karatasi za hospitali hazisemi neno juu yake tena.

Makala haya yanakusudia kumfuata mgonjwa huyo, hasa yule wa saratani, na kuuliza ni nani aliyemfuata kabla yetu. Swali hili si la waganga peke yao. Mchungaji ndiye aitwaye usiku mgonjwa anapolia; mwinjilisti ndiye anayebaki naye gari la hospitali likiisha kuondoka. Hivyo historia ya namna maumivu ya saratani yalivyotulizwa, au yalivyoachwa bila kutulizwa, ni sehemu ya historia ya utunzaji wa roho, hata kama haijafundishwa hivyo madarasani.

Wale waliotafuta kuponya

Wasomaji wengi wamewahi kusikia jina la Denis Burkitt. Mpasuaji huyu kutoka Ireland alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, na mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya, juu na chini. Hakuridhika kusema kwamba ni jambo la ajabu na kuendelea na kazi yake. Aliwatafuta watoto wengine wa namna hiyo, akaandika juu yao mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000, kutoka Kampala kwenda kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali, nyingi zikiwa za misheni, kama watoto wa aina ile wanaonekana huko. Kutokana na vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Kampala, wataalamu walitangaza mwaka 1964 kwamba wameona ndani yake kirusi ambacho hakikujulikana kabla. Baadhi ya watoto walipewa dawa za saratani kwa kiasi kidogo tu, na uvimbe ukayeyuka. Mwaka 1967 kituo maalumu cha saratani kilifunguliwa Mulago, nacho kipo hadi leo.

Hii ni habari njema na yafaa kusimuliwa. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tunaona kwamba furaha yake yote iko kwa mtoto aliyepona. Katika hospitali ile ile walilazwa mama wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea, wazee wasioweza tena kumeza chakula kwa sababu ya saratani ya umio, na watu wenye uvimbe wa ini. Kwa hao hapakuwa na ugunduzi, wala safari ya maili 10,000.

Nchini Tanzania jina linalohusishwa na saratani ni Ocean Road, jengo lililo kando ya bahari jijini Dar es Salaam, ambalo Wajerumani walilifungua mwaka 1897 kwa ajili ya wagonjwa wa Kizungu. Huduma ya mionzi ilianza hapo mwaka 1980, na mwaka 1996 hospitali ikafanywa kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea. Kwa miaka mingi mashine zake zilikuwa ndizo pekee za mionzi katika nchi nzima, mpaka Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ilipoanza huduma hiyo katika muongo uliopita. Na tutafakari maana ya neno hilo "pekee". Mtu wa Kagera au wa Rukwa aliyeambiwa aende Ocean Road alihitaji nauli ya watu wawili, mahali pa kulala katika mji asioujua, na chakula cha majuma kadhaa. Ng'ombe aliuzwa, kisha shamba. Wengi walifika wakiwa wamechelewa mno, na daktari mwenye mashine hakuwa na la kufanya isipokuwa kupunguza ukali wa ugonjwa kwa muda. Si kwamba hawakuupenda uhai. Walikwisha kupita kwa mganga wa kienyeji, zahanati, hospitali ya wilaya na hospitali ya mkoa, na kila kituo kilichukua miezi yake.

Dawa iliyoogopwa

Wakati huo wote dawa ya kutuliza maumivu makali ilikuwa inajulikana. Watu wa kale walitumia utomvu wa mpopi, yaani kasumba. Mwanzoni mwa karne ya 19 kijana mmoja mfamasia wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alitenga kutoka katika kasumba ile sehemu yenye nguvu ya kutuliza, akaipa jina la mungu wa ndoto wa Wayunani. Ndiyo mofini. Si dawa mpya, wala haina mwenye hakimiliki, wala si ghali kuitengeneza. Inakuwaje basi kwamba katika hospitali nyingi za Afrika ya karne ya 20 mgonjwa wa saratani alipewa aspirini au panadoli, na alipozidi kulia akapewa sindano moja ya pethidini, na kwisha?

Sababu moja ni hofu. Kasumba ina historia mbaya ya ulevi na biashara ya aibu, na serikali za dunia zilikuwa na haki ya kuidhibiti. Mkataba wa kimataifa juu ya dawa za kulevya wa mwaka 1961 uliweka mambo mawili pamoja: kwamba dawa hizi zizuiwe zisitumike vibaya, na kwamba haziepukiki katika kutuliza maumivu, hivyo lazima zipatikane kwa wagonjwa. Nchi nyingi zilisoma nusu ya kwanza kwa sauti na nusu ya pili kimoyomoyo. Mfano ulio wazi ni India. Nchi hiyo inalima mpopi kwa idhini na kuuza kasumba kwa viwanda vya dawa vya mataifa mengine. Lakini baada ya sheria kali ya mwaka 1985, matumizi ya mofini katika hospitali zake yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90 katika muda wa miaka kumi na michache. Mfamasia aliyekosea hesabu kidogo aliweza kufungwa gerezani, basi wengi waliona heri wasiwe nayo kabisa. Sheria ilirekebishwa mwaka 2014.

Sababu ya pili ilikuwa katika mafundisho ya waganga wenyewe. Walifundishwa kwamba mofini ni dawa ya saa ya mwisho, kwamba humfanya mgonjwa kuwa mraibu na humzuia kupumua. Kwa hiyo walingoja mgonjwa alie, wakampa kidogo, wakangoja alie tena. Aliyelia sana alionekana kuwa ameizoea dawa, kumbe alikuwa hajapewa ya kutosha.

Mwanamke aliyeuliza swali jingine

Badiliko lilianzia London. Cicely Saunders, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa muuguzi kwanza, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii hospitalini, na hatimaye akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1957, akiwa na umri ambao wengine wamekwisha kuwa mabingwa. Mwaka 1948 alikuwa amemhudumia mkimbizi Myahudi kutoka Poland, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani bila jamaa karibu. Mtu huyo alimwachia paundi 500 ziwe mwanzo wa nyumba ambayo walikuwa wameizungumza pamoja. Miaka 19 ilipita kabla nyumba hiyo, St Christopher's Hospice, haijafunguliwa mwaka 1967.

Saunders alifanya mambo mawili ambayo leo yanaonekana kuwa ya kawaida. Alitoa mofini kwa mdomo, kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, na akaandika kwa uangalifu yaliyowapata wagonjwa wake. Aliona kwamba mgonjwa anayepewa kipimo kinacholingana na maumivu yake hupata usingizi, hula, huzungumza na watoto wake, na mara chache sana huwa mraibu. Tena alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa hayako mwilini peke yake. Yapo ya moyo, yapo ya jamaa na mali, yapo ya roho, na yote huchanganyika yakawa maumivu mamoja. Sisi wa Afrika hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mama anayelala na uvimbe huku hajui ni nani atakayelipa karo ya mtoto wake, au anayesikia majirani wakinong'ona kwamba ugonjwa huu umetumwa na mtu, hatulizwi na chupa ya dawa peke yake. Lakini pia hatulizwi na sala peke yake iwapo chupa ingaliweza kuwapo.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo juu ya kutuliza maumivu ya saratani, kikitaja hatua tatu kama ngazi: dawa nyepesi, kisha ya wastani, kisha mofini, kwa mdomo na kwa saa. Tunakithamini kijitabu hicho kuliko vitabu vingi vinene vya elimu ya saratani, kwa kuwa kilisema jambo linaloweza kufanyika katika zahanati isiyo na umeme.

Harare, Nairobi, Kampala

Hospisi ya kwanza katika Afrika ilianza Harare, wakati huo Salisbury, mwaka 1979, katika mwaka wa mwisho wa vita. Ile ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1990, karibu na Hospitali ya Kenyatta. Daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari na mganga nchini Nigeria kwa miaka mingi. Kabla ya kuja Nairobi alikuwa Singapore, na huko alishirikiana na wafamasia kupata njia rahisi ya kutengeneza mofini ya maji: unga wa mofini, maji safi, dawa ya kuzuia isiharibike, basi.

Njia hiyo ndiyo kiini cha habari yetu. Vidonge vya mofini vya viwanda vya Ulaya vilikuwa ghali. Unga ulikuwa rahisi. Merriman alitaka nchi moja ya Afrika iwe mfano kwa nyingine, akakubaliwa na Uganda. Wizara ya Afya ilikubali kuagiza unga, naye akaanza mwaka 1993 na wauguzi wachache katika nyumba ya kuazima kwenye Hospitali ya Nsambya, akiwa na fedha za kuendesha kazi kwa miezi mitatu tu. Ilikuwa Uganda iliyotoka vitani, yenye UKIMWI uliokuwa ukijaza wodi na makaburi, na saratani ya Kaposi ikija pamoja nao. Wapo waliouliza, na swali lao halikuwa la kipumbavu, kwa nini fedha zitumike kwa watu wanaokufa hata hivyo, wakati watoto wanakosa chanjo. Jibu lilikuwa katika hesabu: dawa ya mgonjwa mmoja kwa siku nyingi iligharimu kiasi kidogo kuliko sindano na siku za kulazwa ambazo angetumia akilia hospitalini.

Twapenda wasomaji watambue tofauti moja kati ya hospisi hii na ile ya London. Hii haikuwa na vitanda. Ilikuwa na magari, wauguzi, na vikapu vya dawa. Mgonjwa alikaa kwake, chini ya paa lake, akiwa na mama au binti anayemtunza, na timu ikamfuata. Watu wetu wengi hutaka kufia nyumbani, na jengo kubwa lingewatenga na wale wanaowahitaji zaidi. Mofini ilitiwa rangi tofauti ili mtunzaji asiyejua kusoma asichanganye nguvu yake. Alifundishwa kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, na usiku kipimo kiongezwe mara mbili ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Mofini hufunga choo, na kwa kuwa dawa ya choo haikupatikana kila mahali, walifundishwa kukausha mbegu za papai, kuzisaga na kuzitumia.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya theolojia ya uchungaji havilitaji, nalo ni harufu. Kidonda cha saratani ya ziwa au ya shingo ya kizazi hunuka. Kwa sababu ya harufu hiyo wanawake wameacha kwenda kanisani, wamehamishiwa jikoni au kibandani nyuma ya nyumba, wamekataa mchungaji asiingie. Wauguzi wa hospisi walifundisha kusaga vidonge vya metronidazoli, ile ambayo wengi huiita Flagyl, na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichosafishwa. Baada ya siku chache harufu hupungua sana, na mgonjwa hurudishwa sebuleni. Tukitafuta mfano wa kumrudisha mtu katika ushirika, hatujui ulio wazi zaidi ya huu, na bei yake ni ya vidonge vichache.

Mwaka 1998 kazi ilifika Mbarara na Hoima. Katika mpango wa afya ulioanza mwaka 2000, Uganda iliihesabu tiba shufaa kuwa sehemu ya huduma muhimu ambazo kila raia anastahili. Kisha mwaka 2004 likafanyika jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko majengo yote: sheria ilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika mofini. Hadi hapo ni daktari tu aliyeruhusiwa, na wilaya nyingine zilikuwa na madaktari wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nchi nyingi tajiri wakati huo zilikuwa hazijathubutu kufanya hivyo. Baadaye hospisi ikashirikiana na serikali kutengeneza mofini ya maji kwa ajili ya nchi nzima, nayo hutolewa bila malipo. Merriman alifariki Uganda mwaka 2025, akiwa na miaka 90.

Kazi ya Kanisa upande wa Tanzania

Walutheri hawakuingia katika jambo hili wakiwa wageni kabisa. Theodor Fliedner alipofungua nyumba ya masista wa diakonia huko Kaiserswerth mwaka 1836, alikuwa akirudisha huduma ya wagonjwa katika mikono ya usharika. Moyo huo ulifika Usambara pamoja na watumishi wa Betheli, na Lutindi, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto waliokombolewa katika utumwa, ikageuka kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Hao nao walikuwa watu ambao hakuna aliyetegemea kuwaponya. Ni ajabu kwamba urithi huu haukugusa saratani kwa muda mrefu hivyo. Pengine ni kwa sababu mgonjwa wa akili na mwenye ukoma waliishi miaka mingi, wakahitaji kijiji. Mgonjwa wa saratani alihitaji miezi michache tu, kisha akatoweka.

Mwaka 1999 Hospitali ya Kilutheri ya Selian, karibu na Arusha, ilianza huduma ya hospisi. Nayo ilifuata njia ya nyumbani. Wauguzi walitoka na wahudumu wa kujitolea kutoka sharika, watu waliokuwa wakijua njia za vijijini na majina ya wenyeji, na mchungaji wa hospitali hakuwa wa kuitwa mwishoni bali mmoja wa timu. Wengi wa wagonjwa wa miaka ya kwanza walikuwa na UKIMWI, na wakati dawa za kufubaza virusi zilipoanza kupatikana kwa wingi baada ya mwaka 2004, baadhi ya waliokuwa wakiandaliwa kufa waliamka wakarudi shambani. Wenye saratani hawakuamka hivyo. Baadaye kanisa, KKKT, lilieneza huduma hiyo katika hospitali zake nyingine, likisaidiwa na fedha za nje zilizotolewa kwa ajili ya UKIMWI. Arusha pia ndiko chama cha tiba shufaa cha Afrika nzima kilikozinduliwa mwaka 2004.

Hapa hatuna budi kusema wazi. Fedha za UKIMWI zilijenga mengi, na zilipopungua yalionekana mapengo. Isitoshe, kwa muda mrefu ni hospitali chache tu za Tanzania zilizokuwa na kibali na mofini ya maji. Ziara ya nyumbani isiyo na mofini ni jambo jema, lakini anayelala macho wazi usiku kucha anajua kilichokosekana.

Je, maumivu ni mwalimu?

Katika sharika zetu bado kuna wanaoamini kwamba mkristo hapaswi kukimbia maumivu. Wanataja Marko 15:23, ambapo Bwana alikataa divai iliyotiwa manemane. Tunaiheshimu nia yao, lakini hatukubaliani na hoja yao. Injili haisemi kwamba wanyang'anyi wawili walikatazwa kinywaji kile, wala haimwamuru mwanafunzi kumnyima mwenzake. Tena kitabu cha Mithali 31:6 kinaagiza kileo kipewe yeye aliye karibu na kupotea. Papa Pius XII aliulizwa swali hilo na madaktari mwaka 1957, akajibu kwamba dawa ya kutuliza inaruhusiwa hata kama yaweza kufupisha maisha, mradi lengo si kuua.

Luther naye hakuwa mgeni wa kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1519 alimwandikia Mteule Frederick, aliyekuwa mgonjwa sana, kitabu cha faraja chenye sehemu 14. Mwaka huo huo alihubiri juu ya kujiandaa kufa. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, aliandika kwamba anayedharau dawa anamjaribu Mungu. Na mwaka 1537 huko Schmalkalden mawe ya kibofu na figo yalimtesa kiasi cha kukata tamaa ya kuishi. Alikubali waganga, wala hakuyaita maumivu yale baraka. Wanafunzi wetu huisoma theolojia ya msalaba katika Maazimio ya Heidelberg ya mwaka 1518, na wengine hutoka darasani wakidhani kwamba inawataka waamini wapende mateso. Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa utukufu ndiye anayegeuza majina, akaliita baya jema. Basi mhubiri anayesimama kando ya mama mwenye saratani ya mfupa na kumwambia kwamba uchungu huu ni zawadi, kwa kipimo hicho, anahubiri theolojia ya utukufu, hata kama ametaja msalaba mara kumi.

Kuna swali gumu zaidi kuliko hilo, nalo ni la ukweli. Katika jamii zetu mara nyingi mwana mkubwa huambiwa ugonjwa kabla ya mgonjwa, na mchungaji huombwa aufiche. "Baba asiambiwe, atakata tamaa." Ombi hilo hutoka katika upendo. Lakini wauguzi wa hospisi wameona mara nyingi kwamba baba anajua, na anaficha kwamba anajua ili kuwalinda wanawe. Hivyo nyumba nzima hukaa kimya, na mashamba hayagawiwi, na aliyekosana na ndugu yake hafi akiwa amepatana naye. Mchungaji asiyeweza kusema uongo wala kuvunja siri anaweza kuuliza: "Mzee, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Wengi huwa wamengoja swali hilo kwa miezi.

Hali ilivyo

Mwaka 2014 mataifa yote wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalikubali kwamba tiba shufaa iwe sehemu ya huduma za afya za kila nchi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la The Lancet la Uingereza ilitoa hesabu ambayo twaomba isomwe polepole. Kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Watu zaidi ya milioni 25 waliokufa mwaka 2015 walikuwa wamepita katika mateso makubwa ya ugonjwa, na zaidi ya asilimia 80 ya wanaoteseka hivyo wanaishi katika nchi zinazoendelea. Wakati huo huo Marekani ilikuwa ikizika maelfu kwa maelfu waliokufa kwa dawa hizo hizo, zilizouzwa ovyo kwa ajili ya faida. Msiba ule ni wa kweli, nao umewatisha tena wasimamizi wa dawa wa Afrika. Lakini haifai kumnyima mwenye njaa ugali kwa sababu jirani amevimbiwa.

Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika pale Mulago, na nchi ikakaa bila mionzi hadi mashine mpya ilipowekwa na kuanza kazi rasmi Januari 2018. Wachache wenye uwezo walikwenda Nairobi. Kwa wengine, katika miezi hiyo yote, chupa ya rangi iliyotoka hospisi ndiyo iliyobaki. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kazi iliyoanzishwa na fedha za miezi mitatu ilikuwa imekaa imara kuliko mitambo.

Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wetu kwa wingi kuliko nyingine zote. Wasichana wale wa kwanza watatimiza miaka 40 mwaka 2044. Mama zao na shangazi zao hawakuchanjwa, na ndio wanaokaa leo katika viti vya sharika zetu.